Jogoo wa Lori la Muhidini

"Hili lori la nani?" karani aliuliza kwa mara ya pili. Nikamtazama Ponsiano. Ponsiano alikuwa anatazama viatu vyake vilivyoloa grisi.

Nje ya ofisi ya kusajili magari, Korogwe, Bedford lilikuwa linaunguruma, nusu rangi, nusu kutu. Trafiki alikuwa ameshalikagua na kusoma namba ya chasisi. Hatukulizima, maana likizimwa hatukujua kama litawaka tena.

Marehemu mume wangu, Muhidini, alilitoa kwenye magugu ya shamba la mkonge, nyuki wamejenga ndani ya boneti. Yeye Mzigua, Ponsiano Mnyamwezi, walilifufua pamoja wakitukanana kutwa. Homa ikamchukua Muhidini kabla breki hazijafungwa. Alizifunga Ponsiano peke yake, baada ya arobaini.

Siku ya mazishi Ponsiano alipanda ndani ya lori, akashika usukani, akagoma kushuka.

"Lori langu hili," alitangaza. "Mzigua kafa makusudi, asinipe zamu ya kuendesha. Mkimwachia mjane, atafugia kuku humu."

Watu walicheka machozi yakiwatoka. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Nikampa jogoo mwekundu, kama desturi inavyotaka, akashuka.

Lakini karani alikuwa mgeni wa mkoa wetu. Kilichomfikia ni maneno, si kicheko.

"Nasikia ulilidai mbele ya maiti," alimwambia Ponsiano. "Kweli, si kweli?"

"Kweli."

Injini ikakohoa nje, nami nikashika ukingo wa meza. Mwaka ule tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha Ujamaa, na kitu kisicho na jina la mtu kilikuwa cha wote. Bila kadi na bima kwa jina langu, ningebaki na watoto na jembe. Na hakukuwa na nati moja katika lori lile ambayo Ponsiano hakuigusa. Angesema ni lake, nani angembishia?

"Nililidai," akaendelea taratibu, "shemeji akanipa jogoo. Jogoo nimemla, mifupa nimemtupia mbwa. Mtu akishakula jogoo anadai nini tena? Andika Mwantumu binti Mbaruku. Na ufanye haraka, bwana, lori linakunywa mafuta huko."

Karani aliandika. Wa bima, dirisha la pili, alichungulia nje akauliza tunakatia bima lori au kutu.

"Na kutu ni ya shemeji," Ponsiano akamjibu.

Lori lile lilishusha chai ya Dindira hata watoto wangu wakamaliza shule.

Masika haya Ponsiano amefariki. Nilifika msibani kwake Kerenge, nikapita katikati ya watu, nikachukua spana yake kubwa na kukaa nayo mlangoni.

"Yangu hii," nikasema. "Mnyamwezi aliniibia, kisha akaona afadhali afe kuliko..."

Watu wakacheka hivyo hivyo, wakanimalizia maneno. Mkewe, Grasiana, akaniletea jogoo aliyefungwa miguu, naye akinicheka na kulia. Nikaiachia spana.

Jogoo yuko uani kwangu, ananona. Wajukuu wananiuliza tutamla lini.

Sijamchinja.