Kikonyo cha Jani

Wabwire, fundi wa saa pale Nyalenda, alikuwa na karai moja mlangoni lenye gugumaji lililochanua zambarau. Mkewe Milka alilitoa ziwani Dunga miaka mitano nyuma, wakati watu wa Kisumu walidhani ni ua tu wakalipeleka majumbani. Sasa ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Milka alishazikwa nyumbani Busia, ziwa limezibwa, mitumbwi haitoki, na kamati ya ufuo imeamua kila nyumba itoe gugu lake likachomwe.

Aoko, jirani yake muuza samaki, alifika asubuhi na gunia.

"Fundi, lete hilo. Limebaki lako tu mtaa mzima."

"Hili ni la Milka."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma wale vijana wa kelele."

Aoko aliinama akabonyeza vikonyo vya majani. Vilikuwa vifupi, vimevimba kama mayai.

"Mbona limenenepa hivi? Yale ya ziwani yana miguu mirefu kama korongo."

"Yale yamesongamana, yanashikiliana," Wabwire alisema polepole. "Hili liko peke yake. Lisipojaza hewa kwenye vikonyo vyake, litazama."

Aoko akainuka. "Na wewe jana ulikula nini?"

"Chai."

"Chai! Mwanamume mzima!"

Milka alikuwa akijisomea baiolojia, afanye mtihani wa kidato cha nne ukubwani. Kila jioni alimuuliza mumewe, "Petioli ni nini?" Naye kwa makusudi alijibu, "Kikonyo cha ua." "Hicho ni pedunkuli, wee mzee! Petioli ni cha jani!" Wakacheka, na kesho yake wakarudia yaleyale.

Wabwire hakulitia gugu guniani. Alibeba karai mwenyewe hadi Dunga, akalilaza gugu juu ya lundo mchangani, mizizi juu, lisipate maji tena. Wanawake waliokuwa wakivuta magugu walimsogezea nafasi mstarini. Alivuta nao mpaka jua likalegea. Alipoondoka, Aoko alimpa ugali na omena kwenye bakuli lenye mfuniko.

Nyumbani aliliegemeza karai tupu ukutani. Kitabu cha Milka kilikuwa bado rafuni, lakini hakukigusa.

"Petioli," alisema kwa sauti, "ni kikonyo cha jani."

Akasubiri kidogo. Jibu lilikuwa sahihi, na hapakuwa na wa kulisahihisha.

Akaketi, akafunua bakuli.