Sare Iliyobaki Nyumbani

Siku kampuni ilipobadilisha sare, walinzi wote waliitwa uani, nyuma ya stoo, na msimamizi akawasomea kanuni mpya kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa. Kuanzia sasa sare ni ya kahawia, isifanane na ya polisi. Bereti hakuna, vyeo vya mabegani hakuna, na haivaliwi nje ya lindo. Mlinzi hana ruhusa ya kumkamata mtu, ila akimkuta anatenda kosa pale pale anapolinda, na hapo amkabidhi polisi bila kuchelewa. "Ukishatoka getini," msimamizi alisema, "wewe ni raia kama muuza nyanya."

Walinzi walicheka. Mmoja wao hakucheka. Ile sare ya zamani, ya buluu iliyokolea, ndiyo iliyofanya mtaani kwake aitwe Kamanda, na jina hilo lilikuwa limemkaa vizuri kuliko alilopewa na baba yake. Watoto walimpigia saluti. Mwenye nyumba alimwahi kwa salamu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama ni polisi, naye hakuona sababu ya kujibu asichoulizwa. Kwa hiyo sare za zamani zilipokusanywa alirudisha ile iliyochanika kwapani, na ile nzuri akaikunja akaificha chini ya mashuka. Alijiambia ni kumbukumbu tu.

Dada yake mkubwa, aliyeishi mtaa wa mbali ambako Kamanda hakuwa na umaarufu wowote, ndiye aliyeitoa huko.

"Mdogo wangu, mtoto ananipotea," alisema. Mtoto mwenyewe alikuwa mtu mzima, mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na alikuwa amependana na kinyozi wa pale njia panda, kijana asiye na mbele wala nyuma, kwa maneno ya mama mtu. "Mimi hanisikii. Nenda kamtishe huyo mvulana. Kidogo tu. Vaa zile nguo zako."

"Dada, zile hazivaliwi tena."

"Nani atajua?"

Naye, badala ya kusema hapana, akaanza kutafuta kiwi ya viatu.

Ukweli usemwe, siku ile alijisikia mtu. Aliingia kwenye kibanda cha kinyozi bereti imelalia sikio, kirungu mkononi, na mteja aliyekuwa kitini akateleza nje huku nusu ya kichwa tu ndiyo imenyolewa. Kinyozi alizima mashine. Kamanda akamwambia kuna malalamiko kituoni, kuna binti wa watu, na akionekana tena mtaa huu, au akithubutu hata kumpigia simu huyo binti, atatiwa ndani na kusahaulika humo. Maneno hayo hakuyapanga. Yalimtoka yenyewe, na yalikuwa matamu mdomoni.

"Ndiyo, afande," kinyozi alijibu. Alikuwa ameshaanza kukusanya mikasi yake. Laiti Kamanda angejiuliza kwa nini.

Kesho yake kibanda kilikuwa kitupu na simu ya kijana haipatikani. Dada alimshukuru ndugu yake mpaka Kamanda akaona haya. Lakini binti aliacha kula, akaacha kwenda chuo, akawa wa kushinda dirishani na kitabu kilichofunguliwa ukurasa ule ule. Kisha siku moja akaja hadi nyumbani kwa mjomba wake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo?"

"Yule mteja aliyekuwa pale ananiambia kuna askari alikuja kumfukuza. Wewe kazini kwako unakutana na polisi. Nisaidie nijue ni nani, na alimpeleka wapi." Macho yalikuwa yamemvimba. "Mama siwezi kumwambia. Nimebaki na wewe tu."

Kamanda alijuta. Akaahidi kumtafuta kijana, na safari hii alikuwa anasema kweli. Aliulizia kwa vinyozi, huyu akimwelekeza kwa yule, mpaka akafika mji wa pili, kwenye saluni nyuma ya stendi. Alikwenda na shati lake la kawaida, na kinyozi hakumtambua mpaka alipofungua mdomo.

"Tulia, kijana. Mimi si polisi. Ni mlinzi wa ghala la rangi. Sikuwa na mamlaka yoyote juu yako. Mimi ni mjomba wake yule binti. Rudi, anakungoja."

Alitegemea matusi, hata ngumi, na angezipokea. Kinyozi alichukua kitambaa akafuta kiti kilichokuwa kisafi tayari.

"Nilishawahi kulala mahabusu kwa kosa la mtu mwingine," alisema mwishowe. "Ndiyo maana sikukuomba hata kitambulisho. Huku nimekuwa nikijifariji kwamba ni serikali, ningefanya nini? Sasa unaniambia nilimwacha kwa sababu ya mlinzi wa ghala."

"Kosa ni langu."

"La kuja ni lako. La kukimbia bila hata kumuaga ni langu. Nitamtazama na macho gani? Bora ungeniachia polisi wangu, mzee."

Kamanda alimbembeleza mpaka wateja wakaanza kununa. Akapanda gari la kurudi peke yake.

Binti alikuwa amesimama mlangoni kwao anamngoja. Dada alikuwa ndani, amekaa mkekani anachambua mchele kwenye sinia.

"Umempata, mjomba?"

"Nimempata. Ni mzima, ila harudi." Akapiga moyo konde. "Yule askari aliyemfukuza ni mimi. Nilivaa sare ya zamani."

Binti hakulia.  Aligeuza uso kidogo kuelekea ndani, akauliza taratibu:

"Na mama alijua?"

Kamanda alimwangalia dada yake. Vidole vilikuwa vimesimama juu ya mchele. Alimngoja aseme mwenyewe, akampa nafasi ya kutosha. Dada hakuinua kichwa.

"Hapana," Kamanda akasema. "Ni mimi tu."

"Basi usije tena hapa," binti alisema, akaingia chumbani kwake.

Hapo ndipo dada alipoinuka. Alikuja mpaka mlangoni, akamtazama ndugu yake mara moja tu, akaufunga.