Meno ya Mwonjaji

Ulimi alichota kikombe kutoka pipa la juisi ya ndimu, akaonja. Maumivu yakamchoma meno ya mbele hadi machozi yakamlengalenga, na uso ukakunjamana kabla hajauwahi.

"Imezidi ukali hiyo!" akapaza sauti msimamizi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kumtazama usoni. "Ongezeni sukari!"

"Hapana, bosi, iko sawa. Ni meno tu."

Maji yalishamwagika. Vijana walikuwa wamekwisha kumimina gunia zima. Kiwandani wote walimwita Ulimi kwa kuwa ndiye aliyewaonjea, wala hakuna aliyekumbuka kwamba ulimi unaishi nyumba moja na meno.

"Nenda hospitali," akasema msimamizi. "Na ukirudi na sura hiyo, nakupeleka kwenye kuosha chupa."

Kabla ya kutoka, Ulimi akapiga mswaki. Ndiyo kanuni ya chumba cha kuonjea: kila baada ya pipa, mswaki, ladha isije ikachanganyika. Alisugua kwa nguvu, kwa mswaki mgumu wa kiwanda, kwani hakuwa mtu wa kulipua kazi.

Kwenye benchi la kliniki hofu ilimkaba. Mama yake, alipokuwa na umri kama huu wake, alishang'olewa meno yote ya mbele. Mpaka anazikwa alicheka kwa kuziba mdomo, na kwenye picha za harusi za wanawe alijificha mgongoni mwa watu. Ulimi naye alishaanza kujizoeza kucheka midomo ikiwa imefumbwa.

Daktari wa meno alikuwa binti ambaye Ulimi angeweza kumzaa. Akamulika, akagongagonga, akakuna kidogo.

"Mama, hapa hakuna la kung'oa."

"Wee! Hata moja?"

"Hata moja. Ila unayaua mwenyewe. Ndimu ina asidi, inalainisha gamba la nje la jino. Ukiliacha, mate yanalikaza tena. Wewe unalisugua likiwa bado laini. Nani anafagia saruji mbichi?"

"Ni kanuni ya kiwanda, daktari."

"Na kiwanda kinawapima meno?"

"Kinatupekua mifuko tukitoka."

Binti akacheka, halafu uso ukamsawijika. Alimpaka dawa ya floraidi huku akimweleza: gamba lililokwisha kulika halirudi, lakini lililolainika hurudishiwa madini likawa gumu tena. Atumie dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na usiku, kwa mswaki laini, ateme povu bila kusukutua. Kazini aonje, ateme, asukutue kwa maji, na mswaki usubiri saa nzima.

Ulimi alishika njia akicheka peke yake, mdomo wazi. Watu walimgeukia, wakadhani zimemruka. Yeye hakujali. Moyo wake ulikuwa mweupe, na alitamani mama angekuwa hai amwambie.

Kiwandani alimkuta msimamizi akiwatembeza wanunuzi.

"Na huyu ndiye mwonjaji wetu hodari!"

Ulimi akaonja pipa jipya. Uso ulitulia. Kisha akavuta ndoo, akatema, akasukutua kwa maji na kutema tena. Msimamizi akamnyooshea mswaki. Ulimi akaupokea kwa adabu, akauweka mezani.

"Una wazimu?" msimamizi akamnong'oneza. "Unatema mbele ya wageni?"

Mnunuzi mmoja, mzee wa makamo, alikwisha kuona. "Vipi, mama, ina kasoro?"

"Haina, baba. Nzuri kabisa. Ila wewe utakunywa glasi moja uende zako. Mimi nashinda nayo mdomoni kutwa, tena nikimaliza naambiwa nisugue. Daktari kasema ndivyo ninavyoyamaliza meno, na mengine sina."

Mnunuzi akautazama ule mswaki, kisha akamgeukia msimamizi, akasubiri. Msimamizi alikohoa, akarekebisha kola, akakohoa tena.

Ulimi hakumsubiri. Aliinyanyua ndoo, akaitua mbele ya pipa lililofuata, pale ambapo kila mgeni angeiona.