Kitanda cha Juu

Imakulata alijichagulia mlezi mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Ilikuwa siku ya kuanua matanga ya mama yao, pale Makorora, ukoo mzima umeketi kwenye mikeka. Kwao, yatima aliyekwisha kupata akili huulizwa mbele ya watu akae na nani, na akishajibu, jibu halitenguliwi mpaka ukoo ukutane tena. Babu Lucas, mkubwa wa ukoo, akamuuliza: "Wewe na mdogo wako mwaenda kwa shangazi yenu Praxeda, au kwa baba yenu mdogo Robert?"

Sasa mtoto wa miaka kumi na miwili angejuaje? Alijua vitabu tu. Alikuwa na vitabu saba vya hadithi alivyopewa parokiani, na katika vyote saba yatima ni hodari, na mlezi mbaya anajulikana kwa sura: ana kovu, ana sauti ya kukwaruza, hacheki. Baba mdogo Robert, seremala wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, alikuwa na jicho moja. La pili lilitobolewa na kibanzi cha mbao. Sauti yake nayo ilikwaruza. Shangazi alinukia vizuri, na tangu msiba uanze alikuwa akimsuka Queen, mdogo wake Imakulata, nywele. "Kwa shangazi," Imakulata akasema, akapigiwa makofi, akatia sahihi karatasi ya ukoo kwa kalamu yake mwenyewe. Baba mdogo aliinama akatazama viatu vyake. Mtoto akaona hiyo ndiyo dalili ya ubaya.

Shangazi hakupiga. Angepiga, majirani wangeona. Alicheka na kila mtu, aliimba kwaya, na mwezi wa sita akatangaza kwamba Queen, mwenye miaka minane, amepata mama mmoja Dar es Salaam wa kumsomesha. Lakini Imakulata alimsikia jikoni akiongea na simu: mtoto mwepesi, hana maneno, atakushikia mwanao mchana kutwa, mambo ya shule tutayaona mbele kwa mbele. Angechukuliwa Jumapili. Jumuiya nzima ikamsifu shangazi kwa moyo wake.

Basi Imakulata akafanya wanavyofanya yatima wa vitabuni: akatoroka. Vitabu vyote saba aliviuza shuleni vikawa nauli, na Jumamosi asubuhi, shangazi akiwa mazoezi ya kwaya, akamshika Queen mkono wakapanda basi la Pangani. Kwenye kivuko hakuna aliyewauliza kitu. Moyo ulimdunda kwa furaha. Aliamini sehemu ngumu imekwisha. Masikini.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba." Robert aliweka randa chini. "Mmekuja na nani?"

Hakungoja jibu, akawaingiza ndani wapate chakula kwanza. Chumba cha pili kilikuwa na kitanda cha dabodeka, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, na ngazi ndogo ya vidato vitatu. Cha chini kilijaa nazi. Cha juu kilikuwa kitupu. Imakulata akauliza ni cha nani.

"Chenu," alisema Robert. "Nilikimaliza wiki ile ya msiba. Nikasema labda."

Imakulata alitamani ardhi ipasuke immeze. Queen alikuwa ameshapanda juu.

Imakulata akamweleza Robert yote. Robert alisikiliza, jicho lile zima likitiririka machozi, kisha akampigia Babu Lucas na kuiweka simu kwenye spika.

"Robert, sikiliza," alisema mzee. "Mtoto alichagua mwenyewe, mbele ya watu, na sahihi yake ninayo. Ngoja mwezi wa kumi na mbili, watu wakirudi Krismasi, tutakaa."

"Babu, nilikosea!" Imakulata alipiga kelele. "Nasema nilikosea! Queen anachukuliwa kesho!"

"Shikamoo kwanza," sauti ikasema. "Mjukuu wangu, ukoo hauitwi kwa siku moja. Shangazi yako ananipigia analia tangu saa nne. Nitamwambia mko huko."

Robert aliizima simu. "Ni dada yangu mkubwa," alisema. "Nikiwafungia ndani atakuja na polisi, na nakala ya ile karatasi anayo."

Katika vitabu vyote saba hakukuwa na mtu mwema asiyeweza kitu. Imakulata hakujua hasira yake aiweke wapi.

Saa tisa alasiri shangazi alifika na gari la kukodi, anatabasamu, amemletea Queen gauni jipya. Queen alijilaza kitanda cha juu, mikono imeng'ang'ania mbao. Robert alimwita, hakushuka. Shangazi akambembeleza kwa biskuti, hakushuka. Nje dereva akapiga honi, maana kivuko kilikuwa kinakaribia kuondoka.

"Huyu anamsikiliza dada yake tu," shangazi akasema kwa upole. "Ima, mwanangu, mteremshe mdogo wako."

Robert alikuwa amegeukia ukutani. Imakulata akatazama mlangoni, labda mtu angetokea. Vitabuni hutokea. Honi ikalia mara ya pili.

Akapanda vidato viwili. "Queen," akasema, "shuka."

Queen akamtazama. Akaziachia mbao, kidole kimoja kimoja, akashuka, kwa sababu aliyesema ni dada yake.