Bwana Utaona na Ungo wa Mama Mkwe

Usiku wa kuamkia leo niliota televisheni yangu imenitumia mjumbe. Mjumbe mwenyewe alikuwa rimoti. Alisimama mlangoni pa chumba akiwa ndani ya nailoni yake, ile ile aliyonunuliwa nayo, akasema shauri la mama mkwe limeshaanza na ninayesubiriwa ni mimi.

Shauri lenyewe halikuwa la ndotoni. Mume wangu Mbwana ni dereva wa malori ya safari ndefu, na safari hii kabla ya kuondoka alimleta mama yake, Bi Shufaa, kutoka Korogwe aje akae nami hapa Morogoro. Nilifurahi sana. Mtaani kwetu mimi ndiye ninayeulizwa tamthilia gani inafaa. Nikisema hii tamu, nyumba za jirani zote zinahamia huko. Nikajua mama nitamkamata kwa televisheni tu. Wapi! Kila ninayomwekea anauliza swali moja au mawili, halafu anarudi kwenye ungo wake kuchambua mchele. Jana jioni akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, kesho nichagulie moja tu. Nayo ikinichosha, nitapanda basi nirudi kwenye mandazi yangu." Nikaenda kulala roho juu. Nampenda yule mama, na kukaa peke yangu katika nyumba ile nimeshakaa vya kutosha.

Basi nikamfuata rimoti. Njiani alilalamika kwamba joto limemzidi, miaka yote amevalishwa nailoni kama anayesubiri kupelekwa harusini, na harusi yenyewe haifiki. Nikamvua. Akashukuru na kujikuna vitufe.

Sebuleni kuna basi. Limeegeshwa kati ya kochi na kabati la vyombo, injini inaunguruma, na utingo ananing'inia mlangoni akiita Korogwe, Korogwe, imebaki nafasi moja. Mama ameketi mkekani kando ya gurudumu la mbele, ungo mapajani, begi limeshafungwa. Namuuliza utingo wanaondoka saa ngapi.

"Mchele ukiisha," anasema.

Naona ni jibu linaloeleweka.

Televisheni alikuwa amekitoa kile kitambaa cha kufuma ninachomfunika nacho na kukifunga kilemba, kama mama anayekwenda kikaoni. Akaeleza kwamba kila aina ya tamthilia imemleta mwakilishi wake. Watajieleza mbele ya mama, kisha mimi nitapendekeza mmoja, na ole wangu nikikosea.

Wa kwanza ni Ngazi. Ametoka kwenye tamthilia za matajiri, wa marumaru kuanzia juu hadi chini, na amelazimika kuinama ili apite chini ya dari. "Kwangu wameanguka warithi wote," anasema kwa unyenyekevu. Mara juu kabisa anatokea msichana mwenye koti la kijani. Anasikiliza siri mlangoni, kama ilivyo desturi, anageuka, anateleza, anaporomoka. Kabla hajafika chini, picha inaganda. Msichana anabaki hewani, kiatu kimoja kimemtangulia.

Mama anainua macho. "Huyu ni nani kwao?"

"Utaona," inajibu sauti nzito.

Kwenye kidato cha chini ameketi bwana mmoja mnene, kiunoni amejaa funguo. Sikuhitaji kutambulishwa. Sisi tunaopendekeza tamthilia tuna sheria, na ya kwanza ni kwamba mtu hahadithiwi. Akiuliza huyu nani, unamwambia utaona mwenyewe. Sheria hiyo nilikuwa naitumia hata kwa mama, tena kwa heshima zote. Ila sikujua kwamba sheria ina mwenyewe, ni bwana mzima, na amepewa kiti sebuleni kwangu.

Mama akarudi kwenye mchele.

Wa pili ni Mwavuli, wa zile tamthilia za wapenzi. Anafunguka, na mvua inaanza kunyesha juu ya kapeti langu. Chini yake wanasimama kijana na binti, wanatazamana. Wanaendelea kutazamana. Namuuliza Mwavuli kama kuna jambo lolote litakalotokea.

"Vumilia sehemu tatu za kwanza," ananijibu. "Ya nne wanashikana mkono."

Ningemwambia nini, na maneno hayo nimeyasema mwenyewe mtaa mzima? Tukavumilia. Nilisikia vidole vyangu vya miguu vikiota ukungu. Mama akauliza kama wale watoto wamekula chochote tangu asubuhi. Bwana Utaona akamwambia ataona. Mama akashusha pumzi na kuinamia ungo, na safari hii mchele ulibaki kiganja tu. Utingo akagonga bati la basi kwa furaha.

Hapo nikashikwa na woga wa kweli. Nikapiga magoti nimsihi mama asiondoke, lakini magoti yangu yakatua kwenye mchanga, na hapakuwa tena na sebule. Tuko Korogwe, kwenye jiko la mandazi. Harufu ya iliki imetanda. Mama anageuza mandazi kwenye karai, jasho linamtoka. Jirani yake anakuja mbio akiwa amelishika pindo la kanga. Ni Bi Sikujua, ambaye mama humtaja kila siku nami humsikiliza nusu nusu.

Bi Sikujua hasalimii. Anaanza tu. Anatembea kama tajiri, tumbo mbele. Analia kama mke aliyeachwa. Anakuwa mlinzi, anakuwa mbwa, anazimia juu ya gunia la unga na kuinuka mweupe mpaka kwenye kope. Mama anacheka mpaka mandazi yanaungua. Sijawahi kumsikia akicheka vile, na nikaona wivu, nasema kweli.

"Mama," nikamuuliza, "kumbe kwenu televisheni iko wapi?"

"Kwa Sikujua. Saa ya tamthilia mimi niko kwenye mafuta." Akaopoa andazi. "Tamthilia mimi siangalii, mwanangu. Tamthilia mimi huhadithiwa."

Andazi lile nikalipokea, na nilipoling'ata tukawa tumerudi sebuleni. Kwenye ungo zimebaki punje za kuhesabika. Nikamwendea Bwana Utaona nikamwambia anipishe. Akasimama, funguo zikalia.

"Atakayehadithia," akasema, "namnyang'anya mwisho. Hutauona milele."

Naipenda miisho. Nimeshawahi kuunguza wali kwa ajili ya mwisho. Nikamtazama mama, anakusanya punje kwa ncha za vidole, nikamwambia Bwana Utaona abebe yote, hata ya mwaka jana. Akaitia kwenye mfuko wa koti, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Nikapanda Ngazi.

"Mama, huyu wa koti la kijani ni mtoto wa mpishi," nikaanza. "Lakini baba yake ni yule tajiri, na tajiri hajui. Siku hiyo alikuwa anasikiliza mlangoni, hivi. Akageuka, hivi." Nikateleza. Nikaporomoka kidato kwa kidato, na kila kidato kilinipa pole kwa sauti ya chini. Nikatua mkekani, kanga imenifunika kichwa.

Mama akauliza, "Nani alimsukuma?"

"Hakusukumwa. Shemeji yake alimwaga mafuta ya kupikia."

"Nilijua tu, yule shemeji," mama akasema, wakati kabla ya hapo shemeji mwenyewe nilikuwa hata sijamtaja. Akauchukua mchele wote aliokwisha kuuchambua, akaumimina juu ya chuya na mawe, akauchanganya kwa mikono miwili, akaanza upya. Utingo akazima injini. Akavua viatu, akaja kukaa mkekani, akaniomba nirudie pale pa kiatu.

Nikaamka niko sakafuni kando ya kitanda, nyonga inauma. Kumeshapambazuka. Sebuleni hapakuwa na basi, na kapeti lilikuwa kavu. Mama alikuwa mkekani na ungo wake, begi liko mlangoni, limefungwa. Hakuniuliza nimechagua nini. Alikuwa ananingoja tu, kwa adabu ile ile inayonimaliza.

Televisheni sikuiwasha. Nikaketi karibu naye, nikakohoa, nikaanza kwa aibu kidogo. "Mama, kulikuwa na nyumba moja ya matajiri, ina ngazi ndefu ya marumaru."

"Ngazi umeshanihadithia," akasema bila kuinua macho. "Endelea pale pa shemeji na mafuta."

Kisha akaumimina mchele safi juu ya ule wenye mawe.