Popo Katika Daftari la Wageni

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, dada wa mapokezi alifungua daftari la wageni akaandika: popo, mia mbili na kumi na wawili. Kwenye safu ya wanakotoka akaandika kilimani. Kwenye safu ya sababu ya kuja alipiga kistari, maana hawakusema, kisha akawaelekeza chumba namba tisa, mkono wa kushoto, kwa Bwana Jumla.

Bwana Jumla alikuwa afisa wa kuhesabu wanyamapori, na jina hilo alibandikwa na wenzake kwa jinsi alivyopenda kupiga mstari chini ya kila hesabu. Aliwakuta wameshajipanga kwenye fimbo ya pazia, kwenye waya wa taa na kwenye kingo za rafu, vichwa chini, mabawa yamekunjwa. Walikuwa wale wadogo wanaokula wadudu, hakuna aliyezidi kidole gumba. Alitundika koti, akaketi. Alijua kilichowaleta, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Miezi minne nyuma alikuwa ametumwa kilimani na mashine ya kunasa sauti za popo. Alitakiwa kuitega jioni mbili kwenye miti mikongwe yenye mashimo, kwa kuwa barabara mpya ilipangwa kupita hapo. Mvua ilimkuta kwa shangazi yake, aliyelima maharage kwenye mteremko chini ya miti hiyo, na shangazi akamwekea kiti karibu na jiko. Siku mbili alikunywa chai. Fomu aliijazia gotini: popo, hakuna. Mashine aliirudisha stoo betri zikiwa zimejaa, na mtu wa stoo akamsifu kwa kutunza vifaa. Kwa fomu hiyo nusu ya miti ikaangushwa. Tangu hapo chai haikumpita vizuri kooni.

Ofisini waliwazoea upesi. Mpiga chapa alilalamikia vinyesi kwenye mafaili, akaletewa magazeti ya kutandika. Kufikia Jumanne nzi walikuwa wamekwisha jengo zima, na ofisi ya jirani ikaomba kuazimwa popo kumi. Ombi lilirudishwa kwa kukosa muhuri.

Jumatano akaja shangazi na mfuko wa majani ya maharage, yametobolewa kama chekeche. Aliketi chini ya waya wa taa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Viwavi wamenimaliza, mwanangu. Hawa ndio waliokuwa wakila nondo kabla hawajataga. Sasa wako huku kwako, wananing'inia tu."

"Nimekukosea."

"Tumekosea. Nani alikuambia, 'Kaa, mvua yote hii nani atakuona?' Si mimi? Nilitaka mtu wa kuzungumza naye, nikakuponza." Alijifuta macho kwa kiganja. "Lakini mficha uchi hazai. Miti iliyobaki wanaikata Ijumaa. Nenda kaseme."

Bwana Jumla alipiga moyo konde, akaenda kwa Mkuu wa ofisi.

"Mkuu, mimi sikupanda kule juu. Ile fomu ni ya uongo."

Mkuu alivua miwani. "Hilo ni kosa."

"Ndiyo, Mkuu."

"Ila fomu haisahihishwi kwa mdomo. Jaza nyingine."

Moyo ulimtua kidogo. Alirudi chumbani, akahesabu mara mbili, maana mmoja alikuwa nyuma ya kalenda. Akaandika idadi. Chini yake fomu iliuliza: mahali afisa alipowaona kwa macho yake. Kalamu ilisimama. Alikwishadanganya mara moja na ya pili hakuiweza. Akaandika: chumba namba tisa.

Mkuu aliisoma taratibu, akapiga muhuri.

"Safi. Kwa hiyo kilimani hawapo."

"Lakini wametoka kule, Mkuu. Kule ndiko kwao."

"Ulitumwa ukawaone kule. Uliwaona?"

"Sikuwaona."

"Basi."

"Na mimi adhabu yangu?"

"Adhabu ya nini? Umesema ukweli. Tena ukifukuzwa, hao atawatunza nani?"

Shangazi alikuwa bado amekaa palepale, mfuko mapajani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema safari hii sikudanganya."

Shangazi aliukunja mfuko mara nne, akausukuma kwapani, akaondoka bila kuaga. Bwana Jumla alitamani shangazi angemtukana tu.

Ijumaa misumeno ilianza saa tatu. Saa nane mchana wakaingia wengine arobaini, manyoya yamejaa vumbi la mbao, na wale wa kwanza wakasogea kuwapisha. Bwana Jumla aliwatolea vitabu kwenye rafu ya juu, akawafungia pazia jua lisiwapige. Kisha akachukua kalamu na karatasi safi, akapanda juu ya kiti na kuanza kuwahesabu mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa, asimruke hata mmoja.