Skonzi ya Mwisho Angani

Sixten Wallmark alikuwa ametumia miaka mitatu kutengeneza mchezo wa kuogofya, na mpaka kufikia ile Jumamosi ya Novemba mchezo wenyewe ulikuwa haujamwogofya hata paka. Nikisema paka sitanii. Paka wake alipanda juu ya rasimu, kurasa mia mbili na kumi na mbili, akajikunja, akakoroma.

Mchezo huo aliutoa kwenye filamu ya zamani, ya mwaka 1962, iitwayo *Mtungi wa Kumi na Tatu*. Watu kumi na wawili wako ndani ya chombo, mbali sana angani. Kila asubuhi mitungi ya hewa inawekwa mezani, kila mtu na wake. Halafu siku moja mitungi inaanza kwisha mapema. Kuna mdudu ameingia, hana sura wala sauti, amejificha ndani ya mmoja wao, naye pia anapumua. Sixten aliiona filamu hiyo akiwa na miaka tisa, amejibanza nyuma ya kochi la shangazi yake, na tangu siku hiyo hakuwahi kuwa mzima sawasawa. Aliipenda kama watu wengine wanavyopenda timu ya mpira. Na ilimuuma, ilimuuma kweli, kwamba siku hizi ukiitaja, watu wanakuuliza kama ni jina la bia.

Ndiyo maana alitaka kuifanya mchezo wa mezani. Si ule wa ubao na kete, la. Watu wanakaa, mmoja anasimulia, wengine kila mtu anavaa uhusika wake na kusema atafanya nini, na penye ubishi dadu inaamua. Filamu watu huitazama na kuisahau, lakini kitu ulichokiogopa wewe mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye kiti chako, unakufa nacho.

Tatizo lilikuwa wachezaji. Filamu za kutisha zinasonga mbele kwa sababu watu ndani yake hawana akili. Wanasikia kishindo gizani, mmoja anasema, "Ngoja nikaangalie peke yangu." Haya, sasa wakalishe watu wa Norrköping, mji wetu huu wa Uswidi, kwenye kishindo hicho hicho.

"Napendekeza tusiende," alisema Yngve mara ya kwanza walipojaribu. Yngve ni karani wa manispaa, mtu mwembamba anayetembea na kalamu tatu. "Au twende wote. Nani anaunga mkono?"

"Naunga," alisema Majken, mchezaji mwenzake.

"Iandikwe kwenye kumbukumbu."

Wakaenda wote, wameshikana mikono, wakafunga milango nyuma yao, wakaitisha kikao kila baada ya korido. Katika filamu walikufa kumi na mmoja. Kwenye meza ya Sixten hajafa mtu hata wa kusingiziwa. Tena siku hiyo Yngve ndiye aliyepata kadi ya siri ya mdudu. Unajua alifanyaje? Alinyoosha mkono kabla mchezo haujaanza. "Samahani jamani, natangaza mgongano wa maslahi. Mdudu ni mimi. Sitashiriki kwenye kura ya mitungi."

Sixten alikwenda chooni akakaa huko dakika kumi. Aliporudi nyumbani aliandika ukurasa wa thelathini na moja: *Mdudu haruhusiwi kujitangaza*. Kisha akaongeza jedwali la hofu, jedwali la jasho, na dadu maalumu ya magoti kutetemeka. Yngve aliyasoma yote, akamrudishia na karatasi ya makosa ya hesabu.

Yote hayo yangevumilika kama si Solveig Hallgren. Huyu ni binti wa marehemu Evald Hallgren aliyeitengeneza filamu, na haki zote ziko kwake. Sixten alipompigia simu kuomba ruhusa, sauti ya bibi ilikuwa kavu mno.

"Baba alipoionyesha mara ya kwanza," alisema, "watu walitoka mbio wakaacha makoti yao. Mwezi Novemba! Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niliyahesabu mwenyewe. Makoti arobaini na moja. Basi nitakuja nicheze, mara moja tu. Nikimwona mtu mmoja, mmoja tu, anatoka mbio bila koti lake, nasaini. Nisipomwona, filamu inarudi kabatini na mimi na wewe tumemalizana."

Mtu atoke nje bila koti, Uswidi, Novemba! Heri angemwambia akamlete mdudu mwenyewe.

Walikutana saa nane mchana kwenye chumba cha wapangaji, chini kabisa ya jengo analokaa Sixten, ukuta kwa ukuta na chumba cha kufulia nguo. Viatu vimepangwa mlangoni, makoti yametundikwa kwenye vigingi. Majken alikuwa ameoka skonzi za mdalasini. Ni dereva wa basi, mwanamke wa miraba minne, miaka ishirini anaendesha basi la mwisho la Jumamosi na walevi wake wote, na hakuna binadamu aliyewahi kumwona ameshtuka. Sixten alimtazama, akatazama lile koti lake jekundu kwenye kigingi, akaiona saini inaota mbawa.

Solveig aliingia na soksi za sufu, mfuko wa kufuma na uso usiodanganyika.

"Karibu, Bi. Hallgren," alisema Sixten.

"Bi. Hallgren alikuwa mama yangu, na alishakufa. Mimi Solveig. Nikae wapi?"

Mkosi haukungoja hata wakae. Sixten alifungua mkoba akakuta shanga za kioo, zile zinazosimama badala ya mitungi ya hewa, amezisahau kwa mchumba wake, upande wa pili wa mji. Akapapasa mkoba mzima. Masikio yakamwiva.

"Tumia skonzi," alisema Majken. "Zimebaki tisa. Skonzi moja, mtungi mmoja. Ukipumua, unakula."

"Lakini kitabu kinasema..."

"Sixten. Tumia skonzi."

Basi wakatumia skonzi. Sixten akachanganya kadi, akagawa kifudifudi, yeye mwenyewe asijue mdudu kaangukia wapi. Majken akawa kapteni, Yngve fundi mitambo, Solveig daktari wa chombo. Bibi alichungulia kadi yake, akairudisha mezani, akatoa sindano zake akaanza kufuma.

Mchezo ukaenda kama kawaida yake, yaani vibaya. Sixten alisimulia kishindo kwa sauti nzito aliyoifanyia mazoezi bafuni, na Yngve akapendekeza kikao. Sixten akazima taa moja, na Majken akauliza kama balbu imeungua. Mzunguko wa kwanza watu watatu wakala skonzi tatu, na ya nne, pumzi ya mdudu, ikabidi Sixten aile mwenyewe. Mzunguko wa pili hivyo hivyo.

"Daktari," alisema Sixten kwa sauti ya kubembeleza, "unahisi nini?"

"Nahisi mdalasini umezidi," alisema Solveig bila kuinua macho.

Sixten alitaka kulia. Miaka mitatu! Aliiona filamu inarudi kabatini, giza, vumbi, na watu wakiuliza kama ni bia. Kwa kukata tamaa akakisukuma kitabu pembeni, kurasa zote mia mbili na kumi na mbili, akaanza kusema yaliyomjia kinywani.

"Umebaki mtungi mmoja," alisema, akaonyesha sahani. Kweli ilikuwa imebaki skonzi moja, katikati, peke yake. "Chombo cha uokozi kitafika baada ya saa moja. Hewa hii inatosha mtu mmoja. Anayeitaka aichukue sasa. Isipochukuliwa, mnakufa wote."

Yngve na Majken wakaitazama sahani, mikono magotini.

Nyie mnaowafahamu Waswidi mmeshajua kilichofuata. Kipande cha mwisho kwenye sahani hakiguswi. Nimeona maofisini keki ikilala wiki nzima, imekauka, imepinda, na kila mtu akipita anaiangalia kwa adabu.

"Chukua wewe, Yngve," alisema Majken.

"Hapana, hapana. Mimi nimeshiba."

"Hewa mtu hashibi!" alisema Sixten.

"Kapteni ndiye anayestahili."

"Mimi nilikula kubwa mwanzoni. Solveig, karibu."

Solveig alitikisa kichwa, sindano zikaendelea. Majken akaona aibu sahani ikae vile, akachukua kisu, akakata skonzi katikati, akala nusu na kuiacha nusu. Baada ya dakika Yngve naye akakata ile nusu, akala robo, akaacha robo. Majken akakata robo.

"Mnakufa!" Sixten alisimama. "Midomo yenu imekuwa ya bluu! Fundi, mapafu yako yanawaka moto! Kuna hewa hapo, mbele ya pua zenu!"

"Kwa kweli sijisikii vibaya sana," alisema Yngve, akipanguza kisu.

"Mwingine huenda anaihitaji zaidi," alisema Majken.

Ndipo sindano ziliponyamaza. Solveig aliweka ufumaji wake mezani, taratibu. Akanyoosha mkono. Mkono ukavuka kikombe cha Yngve, ukavuka kisu, ukafika katikati ya sahani, ukakichukua kipande. Chote. Hakuuliza, "Kuna anayekitaka?" Hakusema, "Samahani." Alikitia kinywani, akakitafuna huku anamtazama Majken machoni, akatafuna, akatafuna, akameza. Kisha akalamba kidole akaokota na chembe za sukari.

Hakuna aliyepumua. Kalamu ya Yngve ilimponyoka ikaviringika mpaka sakafuni, na karani wa manispaa hakuiokota. Sixten alihisi nywele za shingo zinamsimama, kitu ambacho hakijamtokea tangu nyuma ya kochi la shangazi. Mdomo wake ukafunguka wenyewe, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya bafuni. Ilikuwa ndogo, ya kweli.

"Kapteni," alinong'ona. "Miaka tisa mmekula pamoja na daktari. Meza moja. Daktari wenu mnamjua. Daktari hawezi kuchukua cha mwisho."

Majken alisogeza kiti nyuma. "Hawezi," alisema.

"Basi huyu aliyekaa hapa, kapteni, ni nani?"

Solveig alitabasamu. Mdalasini ulikuwa umemganda kwenye jino. Na hapo hapo, nyuma ya ukuta, mashine ya kufulia ikaanza kukamua nguo kwa mngurumo ulioitikisa sahani tupu.

Majken alipiga ukelele. Kiti kikaenda huku, kikombe kule, na yule mwanamke wa miraba minne akapita kati ya Sixten na meza kama hakuna kitu, akausukuma mlango, ngazi zikasikika, du du du du, kisha mlango wa nje.

Walibaki watatu wanasikiliza mashine.

"Ukelele huo," alisema Solveig hatimaye, na sauti yake safari hii haikuwa kavu. "Ndio ule ule."

Sixten aliketi. Ukelele wa fundi wa redio, ule wa mwisho wa filamu! Mwanamke anageuka, anatazama upande wetu, anapiga ukelele wa ajabu, na kamera haionyeshi alichokiona. Watu wamebishana miaka sitini. Sixten mwenyewe aliorodhesha maelezo saba, ukurasa wa mia na arobaini.

"Aliona nini?" aliuliza. "Solveig, tafadhali. Aliona nini?"

"Baba aliweka sahani ya skonzi nyuma ya kamera. Walirudia tukio lile mara kumi na tisa, yule dada analia kama anakatwa kucha. Mara ya ishirini baba akamnong'oneza mwigizaji mmoja mzee, akaenda akala skonzi ya mwisho mbele ya macho yake. Basi." Alicheka mpaka akashika ubavu. "Hukuwa na habari? Kurasa zote hizi, na jedwali la jasho, na lile moja hukulijua?"

Sixten alikitazama kitabu chake. Ilimchoma, siwezi kukuficha. Miaka mitatu, na kilichofaa kilikuwa kwenye sahani. Lakini na yeye akaanza kucheka, machozi yakamtoka, asijue ni ya kipi.

"Kumbe mdudu ulikuwa wewe tangu mwanzo," alimwambia bibi.

Solveig akafunua kadi yake. Daktari, binadamu, hana doa.

Wote wawili wakamgeukia Yngve. Yngve alikuwa amejikunyata kwenye kiti, kadi yake ameikumbatia kifuani. Akaifunua polepole.

"Mdudu ni mimi," alisema. "Ukurasa wa thelathini na moja umenikataza kusema. Lakini naomba iandikwe kwamba nimeogopa sana."

Dirisha dogo la juu, lililo usawa wa barabara, likagongwa. Nje theluji ilikuwa imeanza, na kwenye kioo zilionekana soksi mbili za kijani zikirukaruka, moja ina tundu kwenye kidole gumba.

"Nifungulieni!" Sauti ya Majken ilipenya kwa mbali. "Mlango umejifunga! Na huyo bibi mwambieni akae mbali na mimi!"

Yngve akainuka kwenda kumfungulia. Sixten akatoa karatasi za mkataba mkobani, mikono inamtetemeka bila msaada wa dadu, lakini hakuthubutu kuzisogeza. Solveig hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama vigingi vya mlangoni.

"Koti lile jekundu," alisema, "la nani?"

"La Majken."

Bibi alivuta mfuko wake, akatoa miwani.

"Arobaini na mbili," alisema. "Nipe kalamu."